Chungu cha Mzimbe na Kiu ya Mtukufu

Nchi yetu kwa sasa haina jina. La kwanza lilifutwa kwa sababu lilitungwa na wakoloni. La pili lilifutwa kwa sababu lilitungwa na waziri mmoja ambaye baadaye alikosana na Mtukufu. La tatu liko kwenye kamati, na kamati iko likizo. Msituonee huruma. Bendera tunayo, wimbo wa taifa tunao, Mtukufu tunaye, na mgeni akituuliza tunatoka wapi tunamjibu "huku kwetu" tukinyoosha mkono, naye huitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mimi ni Katibu Msaidizi wa Pili wa Tume ya Taifa ya Kubaini Asili ya Vitu Vyetu. Katibu Msaidizi wa Kwanza hayupo na hajawahi kuwepo, lakini cheo chake kinaheshimiwa sana, nami husimama kidogo kila ninapopita mbele ya kiti chake. Kazi niliipata kwa sifa moja tu. Kwenye usaili waliniuliza nina msimamo gani, nikawauliza nyinyi mnao upi, wakaniajiri kabla chai haijapoa. Mshahara wa Tume hulipwa kwa vyeti vya shukrani, na nyumbani kwangu vimejaa ukuta mzima. Chakula tunakula kwa mama mkwe.

Huyo mama mkwe ndiye chanzo cha hadithi hii, kwa hiyo nimtambulishe kwa adabu. Anaitwa Bi Nyamizi, mjane, mkazi wa mtaa wa Majivuni, nyuma ya machinjio. Hupika mzimbe. Kwa chungu cha mzimbe amelea watoto wake wote, akiwemo mke wangu Kabula, na kwa chungu hichohicho sasa ananilea mimi, ingawa mila hairuhusu tuseme hivyo. Mila yetu inataka mkwe na mama mkwe wastahiane. Sikai karibu naye, simtazami usoni, wala hatusemezani. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Kabula, hata kama mimi nipo hapohapo nimegeukia ukuta.

"Kabula, mwambie mumeo ng'ombe wa jirani anakula shati lake."

"Baba Shija, mama anasema ng'ombe anakula shati lako."

"Mwambie mama nimesikia, namshukuru."

Kufikia hapo shati limekwisha, lakini heshima imebaki.

*

Mzimbe ni pombe nyeusi na tamu. Ulezi unalowekwa hadi uchipue, unaanikwa, kisha kimea chake kinakaangwa mpaka kiwe cheusi kama masizi ya sufuria. Kinasagwa, kinachemshwa pamoja na ndizi mbivu, kinachujwa, kinaachwa chunguni kilale. Unanywewa ungali mtamu. Ukikaa sana unachacha, na hapo haufai hata kupakwa ukutani.

Watu wa Majivuni hawafichi ulivyoanza. Bibi wa bibi yake Bi Nyamizi alikuwa amesimama uani akimsimulia jirani habari za jirani mwingine, jinsi yule mwanamke asivyojua kupika, jinsi anavyounguza kila kitu hadi maji. Alisimulia kwa ufundi na kwa kuigiza. Nyuma yake, kimea chake mwenyewe kikaungua chote. Kwa kuwa ulikuwa mwaka wa njaa hakuthubutu kukitupa, akakipika hivyohivyo, na yule aliyesengenywa ndiye aliyekuja wa kwanza kuonja. Alionja, akacheka mpaka akakaa chini, akasema hajawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Wakacheka wote wawili.

Tangu hapo ukaanza utaratibu wa kujisuta. Anayekuja kunywa mzimbe anakaa mbele ya chungu na kusema upumbavu wake mmoja, wa kweli, wa kwake mwenyewe. Wakimwamini wanaitikia, "Kunywa, mwenzetu," na mpishi anafunua kifuniko. Akijisifu, au akisema uongo, kifuniko kinabaki palepale mpaka atafute la kweli. Mgeni ndiye anayeanza, na mgeni akishindwa hakuna anayekunywa. Nimewahi kumsikia Mabula, fundi viatu, akisema hivi: "Nilimtuma mtoto amwambie shemeji kwamba sipo. Alipokosea maneno, nikamsahihisha kutoka chumbani." Kifuniko kilifunuliwa hata hajamaliza. Mimi, kwa kuwa ni mkwe, sikuwahi kukaa kwenye duara lile. Kabula huniletea kata yangu ukutani, nami hunywa bila kujisuta chochote.

*

Sasa mambo ya nchi. Mtukufu alialikwa katika nchi moja ya baridi, huko ambako watu huvaa makoti hata kwenye harusi. Mwenyeji wake akampa glasi ya bia nyeusi, tamu. Akamwonyesha mji ilikoanzia, nyumba ilikopikwa mara ya kwanza, jumba la makumbusho la bia hiyo, na sanamu ya mtu aliyeipika. Kisha akauliza kwa upole, "Na kwenu?"

Mtukufu alijibu, "Kwetu ni nyeusi zaidi," akaaga mapema, akapanda ndege.

Ndani ya ndege aliwauliza mawaziri wake tuna kitu gani cheusi na kitamu. Waziri wa Kilimo alijibu kahawa, akashushwa kwenye uwanja uliofuata, na habari zake hatujazipata. Ndipo Mheshimiwa Lubango, Waziri wa Utamaduni, ambaye kila Jumamosi huenda Majivuni akiwa amevaa kofia ya kuficha uso, akasema, "Tuna mzimbe, Mtukufu."

"Unatoka wapi?"

Lubango anajua unakotoka. Lakini ni mtu aliyekaa kwenye siasa muda mrefu. "Unatoka Igulwa, Mtukufu. Kijijini kwako."

"Nilijua," akasema Mtukufu.

Basi Tume yetu ikapewa kazi ya kuzunguka nchi nzima kuitafuta asili ya mzimbe, bila upendeleo, na kuikuta Igulwa.

Mwenyekiti wetu ni Profesa Mapande, mtu mwenye shahada nyingi kiasi kwamba anapotajwa mkutanoni wasikilizaji hupewa ruhusa ya kukaa. Alituongoza mkoa kwa mkoa kwa msafara wa magari marefu. Kila mkoa ulijitokeza kudai kwamba mzimbe ulianzia kwao. Walituchezea ngoma, walituchinjia, walituonyesha mawe ambayo juu yake mzimbe wa kwanza ulipikwa. Tulipofika kwenye swali la kimea ndipo ngoma zilipozima.

"Kwa kawaida," Profesa aliuliza, "weusi hutokana na kuungua. Hapa kwenu nani aliunguza?"

Hakuna mkoa uliokubali kwamba uliunguza. Wa mashariki walisema waliounguza ni wa magharibi, wao waliboresha tu. Wa magharibi walisema waliounguza ni wa kusini. Wa kusini walisema kule kwao hakuna moto. Mkuu wa mkoa mmoja alituonya kwamba akisikia neno "kuungua" tena atalichukulia kuwa ni tuhuma dhidi ya serikali, maana chini ya uongozi wake hakijawahi kuungua kitu. Nyuma yake soko lilikuwa bado linatoa moshi.

Igulwa hali ilikuwa tofauti kidogo. Tangu mwenzao ashike nchi, watu wa Igulwa hawapiki kitu. Hupelekewa soda kwa helikopta. Tulipowauliza kuhusu mzimbe, mzee mmoja aliuliza kama ni jina la kijana aliyekuja mwaka jana kurekebisha jenereta. Profesa Mapande alilisikiliza jibu hilo kwa makini, kisha akatamka ripoti yake papo hapo: "Bibi mzaa baba wa Mtukufu, baada ya utafiti wa kina na kwa kuzingatia mahitaji ya taifa lililokuwa halijazaliwa, aliiongoza nafaka hatua kwa hatua mpaka ikaufikia weusi wake kwa hiari." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa mikono yote miwili, kwa sababu wengine walikuwa wananitazama.

Kujisuta, kwa taarifa yenu, hakukutajwa mahali popote.

*

Baada ya ripoti ikaja Sheria ya Asili. Kwa ufupi ilisema hivi: mzimbe utapikwa na watu wa mahali ulipoanzia peke yao, popote watakapokuwa, na vyungu vya watu wengine wote vitavunjwa hadharani. "Popote watakapokuwa" iliwekwa kwa ajili ya ndugu za Mtukufu, ambao kwao ni Igulwa lakini usingizi wao uko mji mkuu. Ibara ya kuvunja vyungu iliandikwa na mimi. Profesa alikuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, nami nina mwandiko mzuri. Nilipoandika neno "vyungu" nilijua kimoja kati ya hivyo kiko nyuma ya machinjio, na kwamba kikivunjwa yule mjane hatakuwa na kitu kingine cha kushika mkononi. Nikaweka nukta, nikaenda kula kwake.

Zikabaki siku chache mzimbe uzinduliwe rasmi Igulwa mbele ya mabalozi, na Tume ikagundua kwamba Igulwa hakuna anayejua kuupika. Profesa Mapande akaja Majivuni na gari lenye pazia. Bi Nyamizi alikuwa anakaanga kimea. Mimi niligeukia ukuta wangu.

"Mama," Profesa akasema, "serikali inakuomba uje Igulwa umsaidie Bibi wa Asili kupika."

"Bibi wa Asili ni nani?"

"Ni bibi yake Mtukufu."

"Si alishafariki?"

"Ndiyo maana anahitaji msaada."

Bi Nyamizi alikoroga kimea. "Na nikishapika?"

Profesa alikohoa, akaeleza. Shughuli ikienda vizuri, siku ya kuvunja vyungu wavunjaji watapita nyumba yake kama hawaioni. Shughuli ikiharibika, chungu chake kitakuwa cha kwanza kuvunjwa, na yeye hatapika tena katika nchi hii wala katika jina lake lijalo.

"Kabula," akasema Bi Nyamizi, "muulize mumeo sheria hiyo kaiandika nani. Naona ina maneno mazuri mno."

Kabula akanigeukia, akaniangalia mgongo. "Baba Shija, mama anauliza."

"Mwambie mama," nikasema, "ni kazi ya kamati."

Palinuka ghafla. Kimea kilikuwa kimeungua kupita kiasi, Bi Nyamizi alikuwa amesahau kukoroga. Akakitazama, akatikisa kichwa, akacheka peke yake. Kisha akamwambia Profesa kwamba atakuja, lakini chungu ni chake na kifuniko atakishika mwenyewe. Profesa hakuona shida yoyote katika kifuniko.

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali mpaka bendera zikajificha ndani ya milingoti yake. Kulikuwa na mabango makubwa ya BIBI WA ASILI, yasiyo na jina lake wala picha, kwa sababu Tume haikupata mtu wa kuvitoa. Chungu kiliwekwa katikati ya jukwaa, Bi Nyamizi akakaa nyuma yake kwenye kigoda. Tuliketi kwa vyeo. Kiti cha Katibu Msaidizi wa Kwanza kilikuwa kivulini.

Mtukufu alihutubia. Alisema nchi nyingine zina mafuta, nyingine zina dhahabu, lakini sisi tuna bibi. Alisema kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu yeyote nchini kunywa kinywaji chochote kabla yeye hajaonja mzimbe wa taifa, na akatia saini agizo hilo palepale, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Kisha akaketi mbele ya chungu na kushika mrija.

Hapo balozi wa ile nchi ya baridi akanyanyua mkono. Alikuwa amesoma mahali fulani habari za kujisuta, na kwa kweli ndiko kulikomleta. Je, mila hiyo itafuatwa?

Mtukufu akamtazama Lubango. Lubango akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Mimi nilitazama kiti kitupu cha Katibu wa Kwanza, nikaona hawezi kunisaidia. Basi Lubango akamnong'oneza Mtukufu maelezo, na Mkuu wa Itifaki akaandika haraka upumbavu unaostahili hadhi yake. Mtukufu akausoma kwa sauti.

"Kosa langu kubwa ni kwamba nafanya kazi mno."

Viongozi walisikitika kwa pamoja. Wengine walifuta machozi. "Kunywa, mwenzetu," wakaitikia, ingawa neno "mwenzetu" liliwakwama.

Kifuniko hakikusogea.

"Bado, mwanangu," akasema Bi Nyamizi.

Tangu uhuru hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mtukufu neno "bado." Mkuu wa Itifaki akaandika jingine, na Mtukufu akasoma kwamba anawapenda wananchi kupita kiasi na kwamba moyo huo umekuwa ukimponza.

"Bado."

Mheshimiwa Lubango akasimama na kujitolea kuwa mpumbavu kwa niaba ya Mtukufu. Alisema kwa fahari kwamba yeye ni mjinga wa miaka mingi na kwamba yuko tayari kula kiapo. "Wewe hatukukuuliza," Bi Nyamizi akamwambia. "Wewe tunakujua. Kofia yako umeiacha kwangu." Lubango akakaa.

Jua likaendelea na kazi yake. Kwa mujibu wa agizo, nchi nzima ilikuwa haijanywa kitu. Hospitalini wagonjwa walishika vikombe wakisubiri. Kwenye bendi ya polisi mpiga tarumbeta alizimia, na mwenzake akampepea kwa nakala ya agizo. Profesa akanishika bega. "Ni mama mkwe wako. Nenda ukaseme naye."

Nikaenda, nikasimama kando ya chungu nimegeuka upande, na kwa kuwa Kabula hakuwepo nikasema na chungu. "Chungu, mwambie mama afunue tu. Ni ulezi na maji. Akifunua atabaki na kazi yake. Asipofunua wanavunja."

Bi Nyamizi naye akakijibu chungu. "Chungu, mwambie mkwe wangu kwamba hata wale wanaokuja kwangu na ndala zilizokatika nawaambia bado. Nikimfunulia huyu kwa uongo, nitakuwa nimempikia nini? Nitakuwa nimempikia uji wa mgonjwa. Wavunje."

Nilirudi kwenye kiti changu. Niliogopa, na hofu hiyo haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili yangu, maana serikalini jina langu liko kwenye orodha ya ndugu wa Bi Nyamizi.

Mtukufu alikuwa ameinamisha kichwa. Jasho lilimtiririka. Karatasi ya Itifaki aliiweka chini, akayatazama mabango muda mrefu. Aliposema, alisema polepole, kwa sauti ambayo hatukuijua.

"Mama, mimi bibi yangu simkumbuki jina."

Mkuu wa Itifaki akaacha kuandika.

"Alinilea. Nilimwita Bibi tu. Leo asubuhi nilitaka kupita kaburini kwake, nikashindwa kumwelekeza dereva. Nikamwambia tuna haraka."

Walioitikia kwanza hawakuwa viongozi. Ilikuwa sauti moja huku nyuma, kwenye jua, ya mwanamke aliyekuja kuuza karanga. "Kunywa, mwenzetu." Kisha uwanja mzima. Bi Nyamizi akainua kifuniko, na harufu tamu ya kuungua ikatufikia wote. Naungama kwamba nililia, na kwa kuwa ni mtumishi wa umma niliangalia kwanza kama inaruhusiwa.

Lakini Mtukufu hakunywa. Alikuwa ameonja kitu kingine. "Na lile daraja," akasema, "nililizindua mara mbili, na mto uko upande mwingine." Kunywa, mwenzetu. "Na kura zile, wala sikuzihesabu. Niliogopa." Kunywa, mwenzetu. Televisheni ya Taifa ikakata matangazo ikaonyesha filamu kuhusu ufugaji wa nyuki. Mawaziri walianza kuondoka mmoja mmoja, wakiinama kama wanaotafuta kifungo kilichoanguka. Alisema mpaka vivuli vikarefuka, kisha akanywa kwa mrija kama mtoto, akalala kitini. Usoni alikuwa amenenepa kidogo, au labda alikuwa ametulia.

*

Kesho yake Wizara ya Habari ilitangaza kwamba aliyezungumza Igulwa hakuwa Mtukufu bali mafua yake. Tuliamini. Sisi ni watu wa kuamini, na mafua yalikuwepo mengi mwaka ule.

Hata hivyo mzimbe sasa ulikuwa kinywaji cha hatari, na serikali ilitaka kujua umetoka wapi ili pahali hapo pashughulikiwe. Mikoa yote iliyokuwa ikiudai ikaukana ndani ya asubuhi moja. Mashariki walisema hawajawahi kuona ulezi. Yale mawe ya kupikia yakarudishwa mtoni. Igulwa ndio waliokuwa wakali zaidi: walisema wao asili yao ni soda.

Tume ikakutana. Profesa Mapande akauliza kwa sauti iliyopauka, "Basi nani aliunguza?" Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Nyamizi, ambaye alikuwa ameitwa kusikiliza hukumu ya chungu chake.

"Ni sisi," akasema. "Majivuni. Bibi wa bibi yangu alikuwa anasengenya. Hata juzi mimi mwenyewe nimeunguza, mbele yako."

Mwandishi wa kumbukumbu akaandika. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Tume mtu kukubali kosa, na hatukuwa na utaratibu wa kumzuia. Profesa akafungua Sheria ya Asili atafute adhabu, akasoma, akasoma tena, akavua miwani. Mahali mzimbe ulipoanzia ni Majivuni. Watu wa Majivuni peke yao ndio wenye haki ya kuupika, popote watakapokuwa. Na sheria ilikuwa imetiwa saini na Mtukufu, ambaye hakosei, kwa hiyo haiwezi kurekebishwa, maana kuirekebisha ni kusema alikosea. Bi Nyamizi alirudi nyumbani akakoleza moto.

Hivyo ndivyo mzimbe ulivyoenea, na msidanganywe na wanaosema ulienezwa na wafanyabiashara. Kila mpishi nchini alitaka kuwa mtu wa Majivuni. Walikwenda kwa Bi Nyamizi wakakaa mbele ya chungu, na kila aliyejisuta ukweli alitambuliwa kuwa ni wa huko, akarudi kwao na chungu chake. Walifuata waliooa kwa wapishi, kisha majirani wa waliooa. Kwa takwimu za serikali, mtaa huu ulio nyuma ya machinjio, wenye kisima kimoja, sasa una wakazi wengi kuliko nchi yote. Wizara imeshaujengea uwanja wa ndege kwenye makaratasi. Wanasema hata kuna mzee mmoja anayekuja Jumamosi, amevaa kofia iliyoachwa na Lubango, anakaa mwisho wa foleni na hataki kupishwa. Mafua yake, labda.

*

Sheria inataka ofisa wa Tume aje kila mwaka kuonja na kuthibitisha. Profesa aliumwa, wengine wakaumwa pamoja naye, nikatumwa mimi. Kwa mara ya kwanza nikakaa kwenye duara, mbele ya chungu, tena kama mgeni rasmi. Nyuma yangu ni Mabula na watu wa mtaa. Ng'ambo ya chungu ameketi Kabula.

Sikuwa na wasiwasi. Kama kuna kazi ninayoiweza ni kujicheka, na nyinyi mnaosoma ni mashahidi. Nikasema kwamba shuleni niliwahi kuwa wa mwisho darasani siku ambayo wanafunzi wengine wote walikuwa wagonjwa. Watu walicheka sana. Nikasema viatu vyangu vya ofisini vyote viwili ni vya mguu wa kushoto, na tangu niajiriwe sijapata bosi wa kunitazama nikagundulika. Mabula alicheka akajipiga paja.

Kifuniko hakikusogea. Bi Nyamizi aliinua macho akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake.

"Baba Shija," akasema, "mbele ya chungu hakuna mkwe, kwa hiyo nakuambia mwenyewe. Wewe unajicheka mbio mbio ili mtu mwingine asipate nafasi. Huko si kujisuta. Huko ni kujipamba."

Kicheko kikaisha. Kabula ameinama anachora mchangani kwa kidole. Anajua, na mama yake anajua, na nadhani hata Mabula anajua, ni mkono wa nani uliokiandikia chungu hiki kivunjwe, kisha ukaja kunawa na kula hapahapa. Hakuna anayeniuliza. Mtukufu mwenyewe aliweza, na yeye ana walinzi. Naona aibu, tena si ile aibu ninayoweza kuisimulia.

Mzimbe ukikaa unachacha, na walio nyuma yangu wameanza kukohoa kwa kiu. Mkono wa Bi Nyamizi uko juu ya kifuniko, haukandamizi wala hauinui. Nimeshika mrija wangu, natafuta neno moja lisilochekesha.